Jina la Fundi Chini ya Faiba

Ukipata ubao wa kuteleza mawimbini uliochongwa kwa mkono, ugeuze tumbo juu. Tazama katikati, karibu na mapezi, kando ya ule ufito mwembamba wa mti unaopita kama mkuku, uti wa chini wa chombo, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Utaona maandishi ya penseli: urefu, upana, unene, mara nyingi jina la mteja, na mwisho sahihi ya fundi. Yaliandikwa juu ya povu likiwa bado tupu, kisha yakafunikwa kwa kitambaa cha faiba na rezini, utomvu wa kiwandani unaoganda ukawa mgumu. Hayafutiki tena. Ubao utachubuka, utazibwa viraka, utapita mikononi mwa watu watano, na penseli iko palepale, kama mdudu ndani ya sandarusi.

Ubao wangu wa kwanza haukuwa na penseli. Niliununua kwenye duka kubwa, la aina ile inayouza kila kitu, mwaka niliohamia kusini mwa California kufanya kazi ya kusambaza mizigo. Ulikuwa mweupe pe, una mstari wa bluu, na bei yake ilinifaa. Mwezi wa tatu ukakatika vipande viwili kwenye wimbi ambalo halikunifika hata kifuani. Nikavipakia nyuma ya gari hadi San Clemente, kwenye mtaa wa karakana ndogondogo ambako harufu ya rezini inakupokea kabla hujazima injini.

Mzee niliyemkuta alikuwa na duka dogo mbele na chumba cha kuchongea nyuma, mambo ambayo yamekuwa hivyo kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Jina lake nitamhifadhia. Alivilaza vile vipande juu ya vitegemeo vyake viwili, akapitisha kidole kando ya ufito polepole kama mtu anayetafuta mshipa.

"Nani alikutengenezea?"

Nikamwambia simjui.

"Basi na yeye hakukujua," akasema, akaenda kutafuta msumeno.

Neno hilo nimekaa nalo miaka saba, na ndilo linaloniandikisha makala hii.

Mimi ni mtoto wa Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja, pale ambapo ufuo ulikuwa karakana kabla haujawa mahoteli. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Hakuchora kitu kwenye karatasi. Mwenye kutaka chombo alikuja, akakaribishwa kahawa, na babu akaanza kumhoji: unakwenda wapi, unabeba nini, una watu wangapi? Anayekwenda dago, kambi ya uvuvi, na wavuvi wanane si sawa na anayepakia mbao Pangani kuzileta mjini. Majibu hayo ndiyo yaliyoamua urefu wa mkuku na mlalo wa fashini, ule mti unaosimama nchani mwa chombo. Baada ya hapo kazi yote ilikuwa jicho na tezo. Kila asubuhi kabla ya kushika chombo chochote, babu alisimama omo, akafumba jicho moja, akautazama ubavu mzima mpaka tezi. Tukiwa watoto tulidhani analenga shabaha.

Vipande vya mbao vilivyobaki vilikuwa vyetu. Msimu wa kaskazi maji yakijaa tulivibana kifuani, tukasubiri wimbi, tukaletwa nalo mchangani tukipiga kelele. Hatukuwa na jina la mchezo ule. Kipande kizuri kilikuwa chembamba mbele na kipana nyuma, na aliyekipata alikificha usiku chini ya kitanda.

Kwa hiyo siku niliporudi kwa yule mzee wa San Clemente kuagiza ubao mpya, naye akaanza na maswali, nilijiona nimekaa kwenye kahawa ya babu. Una kilo ngapi? Unaingia bahari gani, ya mchanga au ya miamba? Unatanguliza mguu upi? Umeanza lini? Mara ngapi kwa wiki, niambie kweli. Magoti yako yakoje? Aliandika kwenye kadi ngumu ya rangi ya maziwa. Niliomba ubao mfupi kama wa vijana ninaowaona wakiruka juu ya mawimbi. Akatikisa kichwa. "Huo utakufanya uichukie bahari," akasema, akaandika futi 6 na inchi 10, upana inchi 21 na robo, unene zaidi kidogo ya inchi 2 na nusu. Sikubishana. Babu naye alikuwa akimkatalia mteja, na mteja alirudi kushukuru baada ya msimu mmoja.

Biashara hii ya pwani ile ina umri wa mtu mzima, na sehemu kubwa ya mizizi yake iko mji wa jirani, Dana Point. Hobie Alter, kijana aliyezaliwa 1933, alianza kuchonga mbao mwaka 1950 ndani ya gereji ya nyumba ya familia yake ya kiangazi, Laguna Beach. Wakati huo watu walikuwa wanaachana na mbao nzito za mti wa redwood, ambazo kuibeba moja tu hadi majini ilikuwa kazi ya mwanamume na nusu, wakahamia mti wa balsa kutoka Ecuador. Balsa ni mwepesi, lakini unakunywa maji kama sifongo, na ndiyo sababu ulihitaji kuvikwa faiba na rezini, vitu vilivyoingia mikononi mwa raia baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1954 Hobie alifungua duka lake Dana Point, kando ya Barabara Kuu ya Pwani ya Pasifiki. Wakati ule duka la mbao za mawimbi peke yake lilikuwa jambo la kushangaza. Dale Velzy alikuwa ametangulia kidogo huko Manhattan Beach, lakini maduka ya namna hiyo ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Inasimuliwa kwamba Hobie alitaka jambo moja tu maishani: apate riziki bila kuvaa viatu vya soli ngumu na bila kufanya kazi upande wa mashariki wa barabara ile, yaani upande usio na bahari. Kila nikipita pale na gari la mizigo nalikumbuka hilo, kwa sababu mizigo yangu karibu yote ni ya upande wa mashariki.

Shida ya balsa ilikuwa upatikanaji. Mti unatoka mbali, ubora unabadilika shehena kwa shehena, na wateja wanaongezeka. Hobie na mfanyakazi wake Gordon Clark wakaanza kujaribu povu la polyurethane, aina ya plastiki: vimiminika viwili vinachanganywa, vinamiminwa ndani ya kalibu nzito, kalibu inafungwa kwa nguvu, na povu linavimba mpaka linajaza kila pembe. Wengine, kama Dave Sweet, walikuwa kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 1958 Hobie alihamia povu moja kwa moja, na mwaka uliofuata sinema za Hollywood zikaanza kuutangaza mchezo huu, kila kijana wa Marekani akataka ubao. Angekuwa bado anasubiri meli ya balsa, duka lingekufa kwa wingi wa wateja.

Clark baadaye akajitenga na kuanzisha kiwanda chake, Clark Foam, kikawa ndicho kinacholisha karibu nchi nzima. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaopenda mchezo huu hawajui ulivyoning'inia kwenye uzi mmoja. Tarehe 5 Desemba 2005 Clark alituma faksi ya kurasa saba kwa wateja wake: kiwanda kimefungwa leo. Aliandika juu ya sheria za mazingira, kemikali na hofu ya kesi. Kalibu zake nyingi zikavunjwavunjwa. Mafundi walioamka asubuhi hiyo wakiwa na mapande ishirini ya povu lisilochongwa dukani walijiona matajiri. Waliokuwa na mawili walikaa kitako. Mzee wangu alinisimulia kwamba alifunga mlango wa chumba cha kuchongea na kukaa ndani peke yake, mapande kumi na moja yamemzunguka, akawa anayahesabu na kuyahesabu tena. Siku ile mafundi waliiita Jumatatu ya Mapande, na mwenye umri wa kutosha bado anakuhadithia alikuwa wapi faksi ilipoingia.

Walipona. Viwanda vingine vikachukua nafasi, povu la aina nyingine likaingia, mbao zilizomalizwa kabisa zikaanza kuja kwa makontena kutoka Asia, na mashine za kompyuta zikachukua sehemu kubwa ya kuchonga. Katika hizo mbili za mwisho ndimo ulimotoka ubao wangu wa kwanza.

Mzee aliniruhusu kutazama wangu ukichongwa, kwa sharti nisiseme. Chumba ni chembamba kama korido. Kuta zimepakwa bluu iliyokolea. Hakuna taa ya juu. Kuna taa mbili ndefu za mrija, moja kila ukuta, zimefungwa usawa wa kiuno, sawa na pale ubao unapolala. Nilidhani ni uchache wa umeme mpaka alipoziwasha na kuanza. Mwanga ukija kwa ubavu, kila bonde na kila kinundu kinatupa kivuli. Mahali ambapo jicho mchana lingeona weupe mtupu, pale unaona milima. Fundi anaondoa vivuli mpaka vinakwisha, na vikiisha ubao umenyooka.

Kwanza alilaza kigezo cha ubao mwembamba, akachora umbo kwa penseli, akalikata kwa msumeno wa mkono. Halafu akachukua randa ya umeme, Skil modeli ya 100, ambayo kampuni iliacha kuitengeneza zamani na mafundi wanaisaka kwenye minada kama dhahabu. Aliipitisha kutoka tezi hadi omo bila kusimama, akitembea hatua ndogondogo za kando, huku kidole kikizungusha kirekebishi cha kina wakati randa inakwenda, ili ile pale panene na kidogo kuelekea nchani. Vumbi likaanguka kama theluji na kujaa kwenye nyusi zake. Baada ya randa, tupa yenye matundu, mfano wa kikwaruzo cha karoti. Baada ya tupa, wavu wa msasa. Na kwa ule ufito wa mti katikati, randa ndogo ya kiganjani, kwa sababu mti ni mgumu na povu ni laini, ukivipiga msasa pamoja povu linaliwa na mti unabaki umesimama kama mgongo wa ng'ombe mwenye njaa.

Kila baada ya dakika chache alirudi nyuma, akainama, akafumba jicho moja.

Nilitoka nje kidogo. Nilimwambia naenda kujibu simu.

Siku ya pili ilikuwa ya faiba, na hiyo si kazi ya kusimuliwa kwa haraka lakini nitaipita, kwa sababu kila anayemjua fundi wa boti za faiba pale Malindi au Feri anajua jinsi inavyokwenda: unakoroga rezini na hadina, dawa ya kuigandisha, na kuanzia hapo saa inakukimbiza. Una dakika kama kumi na tano za kumimina, kuvuta kwa kifutio cha mpira, kukunja kingo na kuhakikisha hakuna kipovu cha hewa kilichobaki chini. Ukichelewa, inageuka jeli mkononi. Ninachotaka ukione ni kile kitambo kabla ya kumimina. Mzee alichukua penseli nyuma ya sikio, akaandika vipimo kando ya ufito, kisha akaniuliza herufi za jina langu moja moja, na akaliandika sawasawa. Miaka ile yote Marekani hakuna ofisi iliyokuwa imeliandika sawasawa mara ya kwanza.

Kuna fundi mmoja wa duka la Hobie, Terry Martin, aliyefariki 2012, ambaye inahesabiwa alichonga kwa mkono mbao zaidi ya 80,000. Fanya hesabu mwenyewe: kwa nusu karne ya kazi, ni mbao sita kila siku ya kazi, na mkono huohuo unapita juu ya povu asubuhi baada ya asubuhi. Mashine inaweza kukata umbo lilelile mara 80,000 bila kuchoka, na siidharau. Mafundi wengi wazuri huiachia mashine kazi ya awali, wao wakamalizia kwa mkono, na mabega yao yanawashukuru. Ninachojiuliza ni juu ya mwanafunzi. Mzee alijifunza jicho kwa kuharibu mapande ya watu wengine, kwa kuondoa nyingi mno hapa na kuulizwa mbona. Kijana anayepokea ubao ambao mashine imeshaunyoosha kwa kiasi kikubwa ataharibu nini ili ajifunze?

Dana Point yenyewe ilipoteza kitu kikubwa kuliko duka. Wimbi lake maarufu, lililokuwa likiumuka pale chini ya majabali mpaka likaogopwa kwa jina, lilizikwa walipoanza kujenga bandari ya starehe mwaka 1966. Jiwe likamwagwa, maji yakatulia, mashua zikaegeshwa. Hobie naye akageukia matanga. Alibuni mashua ya viunzi viwili ambayo haina ubao wa kushuka chini ya maji, kwa hiyo unaweza kuisukuma kutoka mchangani, kupita kwenye mawimbi na kurudi nayo mpaka ufuoni bila bandari wala gati. Ya futi 16 imesambaa dunia nzima. Mtu wa ngalawa ataelewa mara moja kwa nini. Hobie alifariki Machi 2014, ana miaka 80, sanamu yake ipo mjini, na duka lenye jina lake bado linauza mbao hapo Dana Point.

Sasa niseme jambo ambalo nimelibeba kimya. Faiba ileile iliyompa mzee wangu riziki ndiyo iliyomwondolea babu yangu wateja. Nungwi bado wanaunda majahazi, lakini mvuvi kijana anataka boti ya faiba: nyepesi, hailiwi na mchwa wa maji, haitaki kalafati ya kuziba nyufa wala sifa, yale mafuta ya papa, kila msimu. Hata mikopo ya wavuvi siku hizi mara nyingi huja kwa sura ya boti ya faiba. Sina ubavu wa kumlaumu mvuvi. Mbao nzuri zimeadimika na misitu imechoka. Kule Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliunda chombo cha mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 na zaidi, kandambili maelfu kwa maelfu juu yake, wakakishusha majini 2018. Waliipiga plastiki randa na msumeno kama mbao. Ujuzi wa mkono ulihamia kwenye kitu kipya na haukufa. Ndivyo ilivyokuwa 1958 pale California, na ndivyo ningependa iwe Nungwi, boti ya faiba inayotoka kwa mtu anayemuuliza mvuvi anakwenda wapi na anabeba nini.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani na ubao wangu, nimeuzungushia mataulo ndani ya mfuko. Babu amevuka themanini na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilimwamkia, nikaulaza mbele yake kwenye mkeka.

"Mume mwenzangu," akasema, "umeniletea mlango?"

Nikamweleza. Akauliza ni mti gani, nikamwambia ndani ni povu. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Haitaki kalafati? Haitaki. Siku ngapi kuuunda? Nikamwambia kuchonga ni asubuhi moja, kukauka na kung'arisha ni kama wiki. Akaguna. Kisha akaweka viganja viwili, kimoja kila ukingo, akaanza kuvivuta pamoja kutoka omo kwenda tezi, taratibu, uso ameuelekeza baharini. Alipokaribia mwisho akasimama. Akarudi nyuma shibiri moja, akapita tena.

"Huku kushoto pameliwa kidogo."

Nilipima kwa uzi, nikaukunja, nikaulinganisha na upande wa pili. Tofauti ilikuwa kama unene wa sarafu. Nimeuendesha ubao ule miaka, sijawahi kuhisi kitu.

Usiku nilimwandikia mzee San Clemente, nikamtumia picha ya viganja vya babu juu ya ukingo. Jibu lilikuja alfajiri yetu. Alikumbuka kazi yenyewe, hata mwezi. Alisema asubuhi ile taa ya ukuta wa kushoto ilikuwa inapepesa na yeye akaona uvivu kwenda kununua mrija mpya. Akaniomba nimpe babu salamu na nimwombe radhi. Halafu akauliza kama babu angekubali kutumiwa kigezo cha ubao unaofuata, cha karatasi ngumu, akishike kabla ubao haujachongwa.

Babu alisema aje mwenyewe, chai ipo. Ubao niliuacha kwa mtoto wa dada yangu, umening'inizwa ukutani juu ya mitego ya madema, na kaskazi ikianza anaushusha.